Mwamba Shungi Umefungwa

Kituo cha pili: Fungu Njiwa

Hii ni habari ya siku ambazo bado hazijafika, na mwenye haraka hataifaidi, maana ina maji mengi ndani yake, na maji hayasukumwi kwa mkono.

Meli Zumaridi ilikuwa imetia nanga tangu alfajiri. Ilikuwa meli nyeupe, pana, isiyo na moshi wala mngurumo. Ilikula jua kwa paneli zake za juu kama kobe anayeota jua mgongoni, na ikitembea ungedhani visiwa ndivyo vinavyosogea, yenyewe imetulia. Wageni sitini na wawili walikuwa wamekwisha kunywa chai kwa mkate wa kumimina na mbaazi za nazi, na sasa walikuwa kwenye ngazi ya nyuma wanahangaika na mapezi ya miguuni. Mapezi yale yana ada yake: ukiyavaa kabla hujafika majini utatembea kama bata, na kila safari walikuwapo bata wapya.

Chini ya sitaha, katika chumba kidogo chenye baridi, Bi Kazija binti Shehe alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha kulalia, miguu juu, mto mgongoni. Alikuwa na miaka sabini na mmoja. Kazi yake melini ilikuwa moja tu: kukumbuka.

Shaame, fundi wa kofia, alimpangia vifungo kichwani kimoja kimoja. Vilikuwa vifungo arobaini na vinne, vidogo kama punje za mtama, baridi kama pua ya paka, na kila kimoja kilitaka kugusa ngozi. Ndiyo maana Bi Kazija alisukwa nywele kabla ya kila safari.

"Njia zimenyooka leo, bibi. Kakusuka nani?"

"Mize, mjukuu wa Bi Time. Nilimwambia nisuke ule msuko wa twende kilioni. Akaniuliza, bibi, unakwenda kilio cha nani? Nikamwambia cha samaki."

Shaame akacheka, lakini mkono haukutikisika. Alikuwa mwenyeji wa kisiwa cha Ukombe kama yeye, na utotoni alikula ubwabwa wa kwake mara nyingi kuliko wa kwao.

"Haya. Masharti unayajua."

"Mtu nisimwingize. Sauti ya mtu nisiiingize. Jina nisilitaje hata moyoni. We Shaame, masharti haya nimeyasikia hata usingizini nayasema."

Masharti yalikuwa na sababu. Bahari ya Fungu Njiwa ilikuwa imekufa zamani. Mwaka wa maji moto matumbawe yalipauka yakawa meupe kama meno, kisha yakavunjika yakawa changarawe ya kijivu, na aliyezama pale kwa miwani ya kawaida hakuona ila uwanja wa mifupa. Lakini wageni wa Zumaridi hawakuvaa miwani ya kawaida. Miwani yao iliunganishwa na kofia ya Bi Kazija, na alichokumbuka yeye juu, wao walikiona chini, mahali pake hasa, jiwe kwa jiwe. Mashine ya meli haikumjua samaki. Ilijua kupanga tu. Samaki walitoka kwa Bi Kazija. Wenye meli waliwahi kujaribu kuinasa kumbukumbu mara moja wakaiweka akiba. Ilikauka kama ng'onda: umbo lipo, utamu umetoka, na wageni walitapika ndani ya miwani. Ikaonekana lazima awepo mtu hai anayekumbuka saa ileile. Na akiingia mtu katika kumbukumbu, mgeni aliye chini humfuata, akasahau hewa yake.

Bi Kazija alifumba macho. Akaushika mkonjo wake, kijiti cha mkandaa alichochokolea pweza tangu ujana, akanusa kopo la maji ya bahari aliloshikishwa mkono wa pili, na polepole, kama mtu anayeshuka kisimani kwa ngazi, akateremka.

Kwanza ilikuja rangi ya maji, ile ya kitambaa kilichotiwa bluu ya kufulia. Kisha tumbawe la kwanza, pana kama sinia la walimani. Vitatange wakatoka wawili wawili, maana kitatange hatembei peke yake. Pono wakawa wanatafuna mawe, kru, kru, na vumbi lao jeupe likishuka taratibu kama unga unaochekechwa na mtu asiye na njaa. Kasa mwenye gamba lililomegeka alipita bila kumtazama mtu. Viti vya pweza, vyekundu, vidole vitano vitano, vilikuwa vimelala mchangani kama vilivyosahauliwa na watoto. Kwenye kioo chake Shaame aliwaona wageni wanaelea huku wamenyoosha mikono kugusa vitu visivyokuwapo, na vifua vyao vinapanda na kushuka kwa pamoja, kama watu wa nyumba moja walio usingizini.

Bi Kazija akafika pembe ya kusini, palipokuwa na mwani wa zambarau. Hakukuta kitu.

Halikuwa giza. Ulikuwa weupe tu, kama ukuta uliopakwa chokaa. Alitafuta mwani, akatafuta hata mchanga wake, hola. Kisha ule weupe ukajijaza wenyewe bila kuulizwa. Likaja jiwe, na mbele ya jiwe kichuguu cha maganda ya kombe, na mbele ya kichuguu mtoto wa kike ameinama, gauni amelikusanya kiunoni, anaonyesha tundu kwa kidole. Akageuka. Akacheka.

"Bibi!" Shaame aliita. "Kuna mtu ndani!"

Bi Kazija alifumbua macho, na chini kule miwani sitini na miwili ikazimika.

Meza ya mchana

Walikula sitahani chini ya turubai: wali wa nazi, samaki wa kupaka, kachumbari, na embe mbichi ya kuchovya kwenye chumvi na pilipili. Katika wageni wote, mmoja alikula akiwa amevaa boya la kifuani. Huyo alikuwa Mwalimu Komba, mstaafu kutoka Songea, aliyefundisha jiografia miaka thelathini na minane bila kuiona bahari.

"Mwalimu, hilo boya vua basi, hapa ni mezani," mhudumu alimwambia.

"Meza iko wapi?"

"Hii hapa."

"Na chini ya meza kuna nini? Na chini ya hapo? Niletee pilipili, kijana, boya liache."

Alikuja na sahani yake hadi alipokaa Bi Kazija, akaomba ruhusa, akakaa.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Ila wewe na mimi, Mwalimu, tungeamkiana kwa kubahatisha tu."

"Mwenye bahari ndiye mkubwa." Alipunguza sauti. "Nimemwona mtoto wako."

Bi Kazija aliweka tonge chini.

"Nani kakwambia ni mtoto wangu?"

"Hakuna. Nimefundisha watoto maisha yangu yote. Yule alicheka kama anayemchekea mama yake. Alinionyesha tundu, nikachungulia, basi nikasahau kama nina bomba mdomoni. Nimekunywa maji chumvi ya mwaka mzima." Akatikisa kichwa kwa furaha. "Na lile gauni lake la manjano, kule chini, lilikuwa kama taa."

Manjano. Bi Kazija alitaka kusema ndiyo, manjano, akaona hana cha kuafikia. Alilishona lile gauni mwenyewe. Aliikumbuka sindano, akakumbuka uzi ulivyokatika mara mbili, na kidole kilichochomwa akakinyonya. Rangi hakuiona. Mikononi mwake, ndani ya kumbukumbu, palikuwa na gauni jeupe kama ukuta wa chokaa.

"Manjano gani, Mwalimu?" aliuliza taratibu, kama anauliza habari za mvua.

"Ya kiini cha yai la kienyeji."

"Lilikuwa na mfuko?"

"Mmoja, kulia. Umetuna."

"Mbilimbi," alisema Bi Kazija. "Alikuwa hatembei bila mbilimbi na chumvi ya kufunga karatasini. Meno yake yote yalikuwa na ganzi."

Hiyo mbilimbi alikuwa nayo bado. Alikaa nayo kitambo kirefu, ukali wake mdomoni, huku Mwalimu akichambua miiba ya samaki wake.

Mtoto yule, Hidaya, alikufa kwa homa mwaka uleule bahari ilipochemka. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Picha yake ilikuwapo moja, na maji yaliichukua pamoja na ukuta iliotundikwa, kisiwa kilipomegeka upande wa mashariki. Hakubaki mahali pengine popote isipokuwa kichwani kwa mama yake, na hasa katika siku moja, asubuhi ya kufunguliwa Mwamba Shungi, alipomtoa pweza wake wa kwanza. Siku ile Bi Kazija hakuwahi kuiazimisha. Aliazimisha Fungu Njiwa, akaazimisha Kichanga, akaazimisha miamba ya mama yake na ya bibi yake. Mwamba Shungi wenyewe aliuazimisha wa siku nyingine, siku ile akaiweka.

Alimfikiria shoga yake Mosi, mkumbushi wa kabla yake. Mosi aliazimisha kila kitu, kwa kuwa alikuwa mtu mpaji. Sasa alikuwa Ukombe anakalishwa ufukweni asubuhi, anayatazama maji, anauliza, "Hivi hili ziwa ni la nani?" Watu walisema ni uzee. Bi Kazija naye alisema hivyohivyo, ili apate kulala.

Kituo cha tatu: Kichanga

Adhuhuri ilipopita, meli ikiwa imetia nanga Kichanga, Meneja Eufrasia alimwita ofisini kwake juu. Alikuwa mwanamke wa bara, mrefu, mwenye kalamu tatu nyweleni na viatu visivyotoa sauti. Hakuwa mtu mbaya. Alijua majina ya wahudumu wote na ya watoto wao.

"Kaa, mama. Nimetaka kukugombeza kwa kuingiza mtu, halafu nimesoma walichoandika wageni." Akamgeuzia kioo. "Hakuna anayetaja kasa. Wote wanamtaja mtoto. Wanauliza kama watamwona tena."

"Lile lilikuwa kosa, mwanangu. Lilinitoka."

"Najua. Lakini kesho tuko Mwamba Shungi, kituo cha mwisho. Shaame aliniambia zamani kwamba siku yako kubwa ni ya pale." Alisita, kwani naye aibu ilimshika kidogo. "Tupe siku ile, mama. Pamoja naye. Nitaweka mzamiaji mmoja kwa kila wageni watatu, asipotee mtu."

"Na nikisema siwezi?"

Eufrasia alitazama dirishani. Kwa mbali Ukombe ulionekana, kamstari ka kijani kama uzi uliodondoka. Kisima cha kisiwa kile kilikuwa kimeingia chumvi miaka mingi. Zumaridi iligeuza maji ya bahari kuwa matamu, na kila safari iliposimama Mwamba Shungi ilinyoosha mpira hadi pwani ikajaza kwenye tangi la kijiji maji ya wiki mbili.

"Meli husimama panapokuwa na cha kutazama," alisema. "Kituo kisichokuwa nacho hufutwa kwenye safari. Siyo mimi ninayeamua hilo. Natamani ningekuwa mimi."

Bi Kazija alishuka ngazi akishika ukuta. Chumbani kwa kofia alimkuta Shaame ameinamia kioo. Hakumsalimu.

"Shaame, mwanangu, niambie jambo moja na usinipake mafuta. Mosi kazeeka au kalika?"

Shaame alikigeuza kioo upande wake.

"Kalika, bibi."

Akamwonyesha. Kila kumbukumbu ilikuwa na mstari wake kiooni, unapanda na kushuka kama mgongo wa wimbi. Pale ilipoazimwa mara nyingi, mstari uliingia ukungu. Mafundi wenyewe waliuita hivyo, ukungu, na kwenye ripoti zao uliandikwa kuwa ni umri wa mkumbushi.

"Kumbukumbu ikipita kwenye kofia, kila anayeitazama anachukua chembe. Mtu mmoja si kitu. Sitini na wawili, safari baada ya safari..." Alifuta uso kwa kiganja. "Na pale palipotoboka, akili inatafuta kiraka. Inakata penye kitambaa kizima."

"Hidaya."

"Ndiye kitambaa chako kizima, bibi. Leo kimekatwa kipande kikashonewa Fungu Njiwa. Rangi ya gauni imekwenda na kipande hicho."

Bi Kazija alikaa kwenye kiti chake cha kazi. Aliuchukua mkonjo akawa anaupapasa mahali palipolainika kwa mikono ya miaka.

"Na Mosi? Harudi tena?"

"Hilo sijalielewa." Shaame alivuta kigoda. "Mwezi jana nilikwenda kumwona, miezi mitatu na siku chache tangu avue kofia. Maji yalikuwa yamekupwa. Nilimwekea kijiti mkononi bila kufikiri, akainuka, akatembea mpaka kwenye jiwe, akachokoa tundu, akaniambia, hayumo, katoka asubuhi. Halafu akasahau tena. Lakini alisema, bibi. Nikajiuliza, labda inaota upya ikiachwa. Kwenye maandishi yetu hakuna, kwa sababu hakuna aliyewahi kuiacha. Msimu haungoji."

"Miezi mitatu," alisema Bi Kazija.

"Na siku chache."

Ghafla bibi akacheka, kicheko kidogo cha puani. "Ninyi mmesoma mpaka macho yakataka miwani, na jambo lenyewe mama zenu walikuwa wanalifanya kwa kipande cha kanga."

Kituo cha nne: Mwamba Shungi

Asubuhi iliyofuata ilikuwa ya bamvua, siku ambazo maji hukupwa mbali kuliko siku zote. Zumaridi ilikuwa imesimama kwenye mkondo, na mbele yake mwamba ulikuwa unainuka polepole kutoka majini, bila sauti, kama mtu anayeamka huku hataki kuwaamsha wengine. Upande wa pili, pwani ya Ukombe, wanawake na ndoo zao walikuwa wamekwisha kupanga foleni penye tangi. Bahari ilikuwa shwari hata wingu lilionekana mara mbili.

Wageni walikuwa ngazini, mapezi mikononi. Wengi walikuwa wananong'ona kuhusu mtoto. Kisha mmoja akanyoosha kidole.

Juu ya mwamba, kwenye maji ya magotini, Bi Kazija alikuwa amesimama. Hakuna aliyemwona akishuka. Alikuwa amechomeka mti kati ya mawe mawili, na sasa alikuwa anaufunga kanga yake kwa juu, fundo la kwanza, fundo la pili. Kanga ilikuwa nyekundu, jina lake lilisema *Changu kidogo chanitosha*, na hapakuwa na upepo wa kuipeperusha, ikaning'inia tu.

"Anafanya nini?" aliuliza Eufrasia.

Aliyekuwa kwenye usukani wa boti ya wazamiaji alikuwa mtu wa Ukombe. Wazamiaji wanne kati ya sita walikuwa watu wa Ukombe. Waliiona kanga. Yule wa usukani aliizima mashine, akavua kofia yake, akaiweka gotini.

"Mbona umezima? Wageni wanangoja."

"Mwamba umefungwa, meneja."

"Umefungwa na nani? Na mamlaka gani?"

"Na mwenye mwamba."

Shaame alikuja sitahani na sanduku la miwani. Aliliweka chini, akalifunga kifuniko, akakaa juu yake. Alimweleza Eufrasia taratibu, kwa heshima. Ukombe, pweza walipopungua, mwanamke mkubwa kuliko wote kati ya wachokoaji pweza alifunga kanga juu ya mti, na tangu hapo mkonjo haukushuka pale kwa miezi mitatu. Hapakuwa na askari. Aliyevunja hakupigwa, watu waliacha tu kwenda kwake kuomba moto, na shughuli yake ilipikwa na yeye mwenyewe. Bamvua ya mwezi wa tatu kanga ilifunguliwa, na pweza walikuwa wamekuwa wazito kama watoto wachanga.

"Hapo hakuna pweza hata mmoja wa kufungia!" Eufrasia alisema.

"Hajafunga pweza," alisema Shaame.

Maneno yalikuwa yanafika mpaka mwambani, kwa jinsi maji yalivyotulia. Bi Kazija aliinua uso.

"Mwanangu Eufrasia! Sijakataa. Nimefunga! Anayekataa haweki siku ya kufungua!"

"Mama, unajua nini kitatokea kwa maji ya kijiji!"

"Najua! Ndiyo maana nimesimama majini na magoti yangu haya, sikukaa kwenye kiti!" Akashusha sauti. "Ndani ya kofia ile yumo mtoto wangu. Jana mmemmega rangi ya nguo. Leo mtammega kicheko. Nikiwapa leo, mtakuwa na leo tu. Nikipumzika miezi mitatu, huenda nikawa na cha kuwapa, na huenda nisiwe nacho. Hilo siwezi kukuahidi. Kuahidi nisichokijua sikufundishwa."

Wageni wengine walinuna wazi. Mama mmoja alisema kwamba wao wamekuja kuona, hawakuja kusikiliza vilio. Lakini mwanamume mmoja aliyekuwa amesimama nyuma yake aliishusha miwani yake kutoka paji la uso, akaitazama ndani, kama anayechungulia kikombe ajue alikunywa nini.

Ndipo Mwalimu Komba aliposhuka ngazi. Alishuka kinyumenyume, boya kifuani, anahesabu vidato kwa sauti, na alipofika majini alishusha pumzi kama gurudumu lililotoboka.

"Dada Kazija! Umefungwa kwa kila kitu au umefungwa kwa nini hasa?"

"Umefungwa kwa kuchukua, Mwalimu. Kutazama haujafungwa."

"Basi nakuja kutazama. Nishike mkono, mimi ni mtu wa milimani."

Alimshika. Mmoja akamfuata, kisha wawili, kisha kumi na kitu. Walitembea nyuma yake kwa miwani mitupu ya kioo, na penye kina walilala kifudifudi wakaelea. Chini palikuwa kijivu. Palikuwa na mawe, changarawe, na mchanga uliojikunja mistari mistari. Hakuna aliyewadanganya.

Bi Kazija akaanza kusimulia kwa mdomo. Aliugusa mwamba kwa ncha ya mkonjo bila kuchokoa. Hapa, alisema, palikuwa na tumbawe la kijani lenye umbo la sikio, na ukipita lazima ugeuze mguu hivi. Hapa tulipanga mstari, wanawake ishirini na saba, hakuna kumpita mwenziwe kabla kanga haijafunguliwa. Hapa Mosi aliteleza akakaa juu ya taa, yule samaki mwenye mwiba mkiani, akaruka mpaka leo sijui alitua wapi. Watu wakacheka, na waliokuwa chini wakainuka kuuliza wenzao wanacheka nini. Alisimulia bila haraka, na mwenye kumsikia alijishonea mwamba wake mwenyewe kichwani: wa Mwalimu ulikuwa na rangi za ramani, wa yule mama aliyenuna, ambaye sasa alikuwa amesimama majini mpaka kiunoni, hatujui ulikuwa na rangi gani. Shaame, kutoka kwenye sanduku lake, alikitazama kioo kidogo cha mkononi. Kofia ilikuwa chumbani, tupu. Hakuna aliyechukuliwa kitu.

"Na hapa," alisema Bi Kazija, akasimama.

Mbele ya jiwe moja dogo palikuwa na maganda ya kombe. Matano, sita, mapya, bado yana mng'ao wa ndani. Yalikuwa yamepangwa nusu duara kama viatu mlangoni.

Aliinama sana, mpaka pua ikakaribia maji. Pweza akila hutupa maganda mlangoni kwake. Kila mtoto wa Ukombe alilijua hilo kabla ya kuijua alifu. Ndani ya tundu, jicho moja dogo lilikuwa linamtazama, na ncha ya mkono ikajikunja taratibu ikavuta ganda moja karibu, kama mtu anayevuta pazia.

Mkono wake wenye mkonjo ulishtuka. Miaka hamsini ya kazi ilikuwa ndani ya mkono ule. Akaushusha mkonjo, akauweka chini ya kwapa.

"Umefungwa," alimwambia pweza.

Juu, Eufrasia alikuwa ameegemea ukingo. Saa ya kuondoka ilikuwa imepita, naye aliipuuza kwa mara ya kwanza tangu apewe meli. Alikuwa akiwahesabu wageni waliogoma kutoka majini, akakosea, akaanza upya.

"Shaame," alisema bila kugeuka, "tangi la Ukombe likijaa mpaka kwenye ukingo, si mpaka kwenye alama yetu, litawafikisha wapi?"

"Wakibana, miezi mitatu."

"Nyoosha mpira." Alichomoa kalamu moja nyweleni, akaandika, na huku anaandika akasema kwa sauti ili asije akabadili: "Kituo cha nne. Kimefungwa kwa desturi ya mahali. Kifikiriwe upya baada ya miezi mitatu. Siku moja isizidi, mama, unanisikia? Wakubwa zangu hawafungi kanga!"

"Nakusikia, mwanangu! Mungu akupe wa kukusikia na wewe!"

Maji yalianza kurudi. Yalirudi kwanza kwenye nyufa, kisha vifundoni, yakiwa vuguvugu. Wazamiaji waliwapandisha wageni. Bi Kazija hakupanda. Kifurushi chake alikuwa amekileta tangu alfajiri, kichwani, kikavu, na kutoka pale hadi Ukombe palikuwa na njia ya mchanga aliyoijua kwa nyayo. Ng'ambo, maji matamu yalisikika yakigonga ndani ya tangi, na wanawake wakapiga vigelegele.

Mwalimu Komba alikuwa wa mwisho kushika ngazi.

"Mwalimu," alimwita. "Lile gauni. Hebu niambie tena."

"Manjano," alisema Mwalimu. "Kiini cha yai la kienyeji. Mfuko mmoja, kulia, umetuna."

Bi Kazija alilitazama tena ndani ya kichwa chake. Jeupe bado. Hakulilazimisha.

"Niwekee," alisema. "Kanga ikifunguliwa nitakuja kukuuliza, na wewe usinijibu upesi. Ningoje kwanza nikwambie mimi."

"Na ukisema si manjano?"

"Hapo tutabishana," alisema Bi Kazija. Akageuza uso kuelekea Ukombe, akatia mkonjo mbele kupima kina, akaanza kutembea, maji yakimfuata nyuma na kuzifuta nyayo zake moja moja.